REZO IMEKATIKA: TUULIZE SANDUKU KWANZA, NDIPO TUULIZE WATU



Kila mmoja anakumbuka mambo ya mwezi wa pili. Mchana rezo ya chumba cha ordinatere ilikuwa nzuri. Lakini jioni, grupu ikiisha kuwaka na watu wakiisha kuingia kwa masomo ya usiku, rezo inakufa. Ukurasa mmoja unachukua dakika kumi, kisha unakataa. Ndipo kelele ikaanza: "Njo ule mutoto wa tatu! Anakulaka mega yote!" Kweli, kulikuwa mdogo mmoja wa darasa la tatu aliyezoea kukaa kwenye mashini ya pembeni kila jioni, kimya, mpaka kengele. Sisi makapita hatukuuliza mara mbili. Tulimpa kazi ya kukata majani nyuma ya jiko kwa juma moja, na jina lake tukalifuta kwenye orodha ya wanaoingia chumbani.

Rezo ikaendelea kufa kila jioni sawasawa na mbele. Basi mmoja wetu akasema dawa yake ni "reset". Akachukua shindano, akaiingiza katika kitundu kidogo nyuma ya rutere, akabonyeza mpaka taa zote zikazimika. Taa zikawaka tena, nzuri sana, za kupendeza macho. Lakini rezo sasa ilikwisha kabisa, mchana na usiku, siku 11.

Siku 11 hizo zilitupata pabaya. Wafinalisti watatu walikuwa wanajaza fomu za kuomba nafasi chuo kikuu. Ikawabidi walipe pikipiki mpaka mjini, kwenda na kurudi, na mmoja aliuza redio yake kwa ajili ya safari hiyo. Bwana Prefe alituita ofisini, na maneno ya kule hatutayaandika hapa. Tunayoandika ni yale tuliyoonyeshwa na fundi wa kampuni alipofika, pamoja na yale tuliyojaribu wenyewe nyuma yake, jioni kwa jioni, na kalamu na kartasi. Mdogo wa darasa la tatu hakuwa na kosa. Aliyeua rezo tutamtaja mahali pake.

SANDUKU HILI NI NINI

Rutere yetu ni ya namna ile ile watu wa mjini wanayoweka nyumbani kwao: sanduku la plastiki, antene mbili, na nyuma tundu tano za kable, nne za rangi moja na moja ya rangi ingine. Ile ya rangi ingine ni ya inje. Kable yake inapanda juu ya paa hata kwenye paraboli ndogo inayotazama mnara wa kampuni. Zile nne ni za ndani, kwa mashini zetu, na antene nazo ni za ndani, kwa simu. Watu wengi wanadhani sanduku hili ndilo linalotengeneza intaneti. Hapana. Ni mlinda mlango tu, lakini mlinda mlango mwenye kazi nyingi.

Kazi ya kwanza ni kugawa anwani. Mashini ikiwaka inapiga kelele: "Mimi mgeni, nipeni namba!" Rutere inaijibu: "Wewe utakuwa 192.168.1.5." Rutere yenyewe inashika 192.168.1.1. Namba hizi zinazoanza na 192.168 ziliwekwa kando kwa kazi ya ndani ya nyumba, kufuatana na kanuni iliyoandikwa mwaka 1996. Kwa hiyo 192.168.1.1 iko kwetu, iko Lubumbashi, iko Brussels, katika mamilioni ya nyumba, wala hazigombani, kwa sababu hakuna hata moja inayotoka mlangoni.

Kazi ya pili inafanana na ile ya mama sekretere. Wazee waliosoma hapa wanatusimulia kwamba zamani barua zote za internati zilikuwa na anwani moja tu, ile B.P. ya masomo. Wanafunzi mia tatu, sanduku moja la posta. Barua ya majibu ikifika, sekretere ndiye anayejua ni ya nani. Rutere inafanya vile vile: kwa inje nyumba nzima ina anwani moja, na ndani ya kichwa chake rutere inaandika orodha, huyu aliuliza hiki, yule aliuliza kile, ili kila jibu lifike kwa mwenyewe.

Tunaeleza haya kwa sababu ndiyo siri ya kutafuta ugonjwa. Mlinda mlango anasimama katikati ya pande mbili. Anaona ndani na anaona inje. Ukijua kumwuliza vizuri atakuambia njia imekatika upande gani, na utaacha kukimbilia watu.

HODI NA KARIBU

Chombo cha kuulizia kinaitwa ping. Ni hodi tu. Mashini yako inabisha hodi kwa mashini ingine, ile inajibu karibu, na saa inahesabu muda uliopita katikati ya hodi na karibu. Muda huo unaandikwa kwa milisekunde, ndiyo kusema sekunde moja imekatwa vipande 1000. Programu hii iliandikwa na Mmarekani mmoja, Mike Muuss, mwezi wa 12 mwaka 1983. Rezo ya kazini kwake ilikuwa inamsumbua, akakaa usiku mmoja, akaimaliza. Jina alilitoa kwa mlio ule wa chombo cha manowari kinachopiga sauti majini na kungojea mwangwi. Tangu siku ile watu hawajapata chombo chepesi kuliko hicho.

Kwenye mashini zetu unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika ping, unaacha nafasi, kisha namba unayotaka kubishia. Usibishe mara nne tu kama mashini inavyofanya yenyewe. Andika ping -n 100, na namba, ndipo uhesabu ngapi zilipotea. Hodi moja ikipotea katika mia si kitu. Zikipotea kumi na nne, kuko ugonjwa.

Sasa, desturi tuliyofundishwa ni hii: anza karibu, endelea mbali, wala usiruke. Mtu akitafuta kisu kilichopotea haanzii sokoni, anaanzia jikoni.

Karibu kabisa ni kurani. Mtacheka, lakini mara mbili muhula huu "rezo imekatika" ilikuwa ni prize ya rutere iliyochomolewa na mtu anayechaji simu yake. Kisha tazama taa ya tundu lile la inje. Ikizimika wakati kurani iko, shika kable, sukuma kichwa chake mpaka kilie. Panya nao wanapenda kable. Na siku za radi, chomoa zote mbili, ya kurani na ile inayopanda paani, mbele mvua haijafika. Nchi yetu ni kati ya zile zinazopigwa radi zaidi duniani, na kable ya paani ni mkono ulionyoshwa kwa radi.

Nyuma ya hapo uliza mashini yako kama imepewa anwani. Amri yake ni ipconfig. Ukiona 192.168.1 na namba nyuma yake, vema. Ukiona 169.254, basi mashini ilipiga kelele ya kuomba namba na hakuna aliyejibu, ikajipa namba yenyewe. Hapo usisumbuke na intaneti wala na kampuni: mashini yako haijafika hata kwa mlinda mlango. Tazama kable yake, au neno la siri la wifi.

Ikiwa anwani iko, bisha hodi kwa rutere, 192.168.1.1. Kwa kable jibu linapaswa kufika kwa milisekunde moja, au chini. Kwa wifi, mbili, tano, hata kumi. Ukiona 300, kisha 4, kisha hodi imepotea, kisha 500, ugonjwa uko ndani ya chumba: ukuta, umbali, bati, au wifi nyingi zinazosemea pamoja kwenye mkondo mmoja. Wifi ya 2.4 inafika mbali na kupita ukuta kuliko ya 5, lakini mikondo yake isiyogongana ni mitatu tu, wa 1, wa 6 na wa 11. Ukitaka kujua upesi kama wifi ndiyo mbaya, unganisha mashini kwa kable na ubishe tena.

KUBISHA TOKA NDANI YA SANDUKU LENYEWE

Hapa ndipo sisi tulipofumbuliwa macho. Rutere ina ukurasa wake. Fungua dirisha la kusomea intaneti, andika 192.168.1.1 mahali pa anwani, nayo itakuomba jina na neno la siri. (Kwetu liko kwa mwalimu wa enformatike. Msituombe.) Ndani kuko mahali panapoonyesha hali yake, mahali pa jurnali, na mahali panapoitwa diagnostiki. Pale diagnostiki unaweza kuiambia rutere yenyewe ibishe hodi kwa inje.

Tofauti yake ni kubwa. Ukibisha toka kwenye mashini yako, hodi inapita wifi, inapita rutere, inapita paraboli, na ikipotea hujui ilipotelea wapi. Rutere ikibisha yenyewe, mambo yote ya ndani yameondoka katika hesabu: wifi, kable za chumbani, virusi vya mashini, na yule mdogo anayekaa pembeni. Zimebaki kable ya paani, mnara, na dunia.

Tazama kwanza anwani ya inje kwenye ukurasa wa hali. Ikiwa ni 0.0.0.0, mnara haujakupokea. Ndivyo ilivyokuwa siku 11 zetu. Kwa namna ya kampuni yetu, rutere lazima ijitambulishe kwa mnara kwa jina na neno la siri, na maneno hayo yaliandikwa ndani ya rutere na fundi siku ya kwanza. Shindano iliyafuta. Kuzima na kuwasha tena si kitu kimoja na reset! Kuzima ni kulala usingizi. Ukiamka unakumbuka jina lako. Reset ni kusahau hata jina la baba yako. Kartasi yenye maneno yale ilikuwa imepotea tangu mwaka uliopita, na fundi alikuwa na safari ya sehemu zingine mbele yetu.

Hata kuzima tu, usikimbilie. Soma jurnali kwanza, kwa sababu sanduku nyingi za bei ndogo zinaandika jurnali mahali panapofutika kurani ikikatika. Na mtaona jambo moja la kuchekesha: rutere iliyowaka bila kupata intaneti inaandika kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970. Si wazimu. Haina saa inayotembea bila kurani, basi inaanza kuhesabu toka siku ile ya mwanzo ambayo mashini za namna hii zinatumia, mpaka intaneti iipe saa ya kweli. Ukiona 1970 kwenye mistari ya sasa hivi, ujue sanduku halijaongea na dunia.

Ikiwa anwani ya inje ni ya kweli, bisha kwa namba inayojulikana. Sisi tunatumia 8.8.8.8, mashini za Google zinazojibu tangu mwaka 2009. Namba ikijibu, bisha tena lakini kwa jina badala ya namba. Namba ikijibu na jina likikataa, njia ni nzima, na aliyelala ni mtafsiri wa majina. Maana mashini hazijui majina, zinauliza kila mara, "Huyu anaitwa hivi, namba yake ngapi?" Ilitupata juma la pili la mwezi wa tatu, watu wakasema tena rezo imekufa. Mwalimu aliandika 8.8.8.8 mahali pa mtafsiri kwenye ukurasa wa rutere, ikapona kwa dakika moja.

JIONI YA ALHAMISI

Tufike sasa kwa ugonjwa wenyewe. Fundi alirudisha maneno ya siri, rezo ikarudi, akaenda zake. Jioni ileile ikaanza kufa kama zamani. Mdogo wa darasa la tatu hakuwa chumbani. Hapo ndipo aibu ilianza kutuingia kidogo.

Siku ya Alhamisi tulikaa na daftari. Saa kumi na mbili na nusu ya jioni, mbele ya grupu kuwaka (mashini na rutere zilikuwa kwenye batri): mashini kwa rutere, milisekunde 1. Rutere kwa 8.8.8.8, milisekunde 48, hodi mia, hakuna iliyopotea. Saa moja na robo, grupu inawaka: mashini kwa rutere, milisekunde 1. Rutere kwa 8.8.8.8, milisekunde 2100, na hodi 14 zimepotea.

Someni namba hizi polepole. Ndani hakuna kilichobadilika, 1 na 1. Inje, toka 48 mpaka 2100. Anwani ya inje ilikuwa palepale, kwa hiyo mnara haukutufukuza. Tulitumia chombo kingine kinachoitwa tracert, ambacho kinataja mlinda mlango mmoja mmoja wa njiani. Kinafanya kwa ujanja: kila barua ya intaneti inabeba hesabu ya milango inayoruhusiwa kupita. Kila mlango unapunguza moja, na hesabu ikifika sifuri mlango ule unaitupa barua na kumwambia mwenyewe, "Imefia kwangu." Basi tracert inatuma barua yenye hesabu 1, kisha 2, kisha 3, na kila mlango unajitaja wenyewe kwa kutoa habari ya kifo. Mlango wa kwanza ni rutere yetu: 1. Mlango wa pili, mnara wa kampuni: 2000 na zaidi. Milango iliyofuata yote, 2000 na kitu. Kuchelewa kwote kulikuwa katikati ya paa letu na mnara ule, kilometa chache.

Tungeweza kumlaumu fundi na paraboli yake. Karibu tufanye hivyo. Lakini kwa nini iwe jioni tu, wakati wa grupu? Tukafungua orodha ya rutere ya waliounganishwa. Walikuwa 23. Mchana walikuwa 6! Grupu ikiwaka, kila mwenye simu anaichaji, na simu zimeshika wifi. Tukabadili neno la siri la wifi, simu zote zikaanguka, zikabaki mashini za kable tu. Tukabisha: 47. Tukapiga makofi kama watu wa mpira.

Kisha tukarudisha simu moja moja. Ya kwanza, 48. Ya pili, 50. Ya tano ilipoingia, ndani ya dakika moja hodi ikapanda 600, 1400, 2000. Ilikuwa simu ya mmoja wetu sisi makapita, na ndiye yule yule aliyeshika shindano. Simu yake iliwekwa hivi: ikiwa kwenye chaji na ikiwa na wifi, ipandishe picha na video zote kwenye akiba ya intaneti. Ndani kulikuwa video za harusi ya dada yake. Kila jioni grupu ikiwaka simu ilianza kupandisha harusi, grupu ikizimika harusi inakatika, kesho yake inaendelea.

Mtauliza: simu moja inawezaje kuua watu ishirini? Sisi tulidhani ni mambo ya mega, kwamba anayepakua sana ndiye mlaji. Lakini njia yetu ya kupandisha ni nyembamba kuliko ya kushusha, karibu megabiti 1 kwa sekunde. Rutere ina mahali pa kungojea, kama baraza mbele ya mashini ya kusaga. Simu inaleta video kwa nguvu ya wifi, upesi sana, na rutere inapokea yote, inapanga barazani. Kama baraza lina nafasi ya kilobaiti 256, hizo ni karibu megabiti 2, na kwa njia ya megabiti 1 zinatoka kwa sekunde 2. Basi kila aliyefika na kibakuli kimoja cha mahindi, hata anayetaka kufungua ukurasa mdogo tu, anasimama nyuma ya magunia ya harusi, sekunde 2. Ndizo milisekunde 2000 zetu! Na baraza likijaa kabisa, anayefika anatupwa inje. Ndizo hodi 14. Kibaya zaidi, hata kushusha kunasimama, kwa sababu anayeshusha lazima atume "nimepokea, leta ingine", na neno hilo nalo linapanga mstari uleule.

Mdogo wetu wa darasa la tatu alikuwa anashusha maandiko, kurasa za somo la biolojia, bila picha nyingi. Tulitazama hesabu ya mashini ile ya pembeni kwenye rutere: kwa jioni nzima haikufika mega 30.

Dawa ilikuwa rahisi. Mwenye simu alizima ile kazi ya kupandisha peke yake. Tena mwalimu aliingia kwenye ukurasa wa rutere, akaweka kipimo cha kupandisha chini kidogo ya nguvu ya njia yenyewe, ili baraza lisijae. Tangu hapo, saa moja na robo ya jioni, hata watu 20 wakiwamo, tunapata 60 au 70.

KAMA UGONJWA UKO MBALI

Mara zingine milango ya karibu yote inajibu vizuri na tracert inafia mbali. Angalieni: nyota moja katikati si ugonjwa, kuko milango inayokataa kujibu hodi lakini inapitisha barua vizuri. Nyota zikianza mahali na kuendelea mpaka mwisho, na namba zingine mbili tatu nazo hazijibu, hapo kweli. Majina ya milango mara nyingi yana vifupisho vya miji, nbo ni Nairobi, mrs ni Marseille, na kwa hayo mtu anaona barua yake imefika wapi.

Ugonjwa wa mbali haujali sanduku letu. Mwezi wa kwanza mwaka 2020, mto wetu Kongo ulikuwa umefurika, na katika bonde lililo chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto, matope na mchanga vilishuka kwa nguvu zaidi ya kilometa 1100 na kukata kable za bahari, SAT-3 na WACS. Tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 2024 kable nne zilikatika karibu na Côte d'Ivoire. Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka ule ule, ikawa zamu ya mashariki, EASSy na SEACOM. Siku kama hizo, hata ukiwa na shindano mia moja, acha tundu lile.

Na tusiite ugonjwa kile kisicho ugonjwa. Katika nyuzi za kioo mwanga unakwenda karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo hodi ya kwenda kilometa 1000 na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 10. Ulaya haitakujibu kwa 5. Na misioni zinazotumia satelite ile inayosimama mbali, kilometa 35,786 juu ya ikweta, hodi inapanda na kushuka, na jibu linapanda na kushuka. Ni karibu milisekunde 480 za safari tu, bila kungojea mahali. Wakipata 600, wamshukuru Mungu, iko nzima.

Mambo yaliyobaki ni machache. Maneno ya kujitambulisha kwa mnara yameandikwa kartasi mbili, moja kwa mama sekretere, moja katika kabati ya Bwana Prefe. Kitundu cha reset kimefunikwa na plasta. Mwenye video za harusi alirudisha nusu ya bei ya ile redio. Sisi makapita tulimwomba msamaha mdogo wetu wa darasa la tatu siku ya Jumatatu mbele ya mstari wa bendera, na jina lake limerudi kwenye orodha. Daftari la hodi liko kwake sasa. Anaandika namba mara mbili kwa siku, saa sita na saa moja na robo ya jioni. Mwenye kuona rezo imekatika amwone yeye wakati wa mapumziko, aje na saa ambayo ilikatika.